snmpd inajibu ndani ya seva tu, kutoka nje ni Timeout

fundi_waya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nimeweka snmpd (programu ya SNMP, inayotoa taarifa za seva kwa mashine ya kuifuatilia) kwenye seva ya Debian ili mashine ya monita (192.168.10.5) isome trafiki ya kadi za mtandao, sasa nikipiga snmpwalk (amri ya kuuliza taarifa hizo) ndani ya seva yenyewe inajibu ila nikipiga kutoka kwenye monita inakaa weee halafu "Timeout: No Response". Ping inapita, ssh inapita. Na hata huko ndani inaleta jina la seva na uptime basi, kadi hazionekani. Konfigi ni ile iliyokuja na paketi.

porti161
Mkuu hayo ni matatizo mawili usiyachanganye. Piga `ss -lunp | grep :161`, ukiona 127.0.0.1 ujue inasikiliza humo humo ndani tu. Ingia /etc/snmp/snmpd.conf, kwenye agentaddress ongeza IP ya seva. La kadi ni hii `-V systemonly` iliyo kwenye mstari wa rocommunity, hiyo inafungua matawi ya taarifa .1.3.6.1.2.1.1 na .1.3.6.1.2.1.25.1 tu, kadi ziko .1.3.6.1.2.1.2. Ongeza (nenolako ni neno la siri utakalochagua):

`view systemonly included .1.3.6.1.2.1.2`
`rocommunity nenolako 192.168.10.5 -V systemonly`

Ile rocommunity ya public iliyokuja na paketi futa kabisa, usiiache wazi kwa dunia nzima. Kisha restati snmpd.

fundi_waya
Nimefanya, ss inaonyesha IP ya seva sasa, lakini monita bado Timeout na ajabu hata ndani nako imeacha kujibu!

mama_seva
Ndani imeacha kwa sababu neno hilo umeliruhusu kwa 192.168.10.5 peke yake, ongeza mstari wa pili wenye 127.0.0.1. Halafu elewa kitu kimoja kinachosumbua watu wengi sana, v2c (toleo la SNMP linalotumia neno la siri tu) ukikosea neno hilo haikwambii umekosea, inanyamaza tu, kwa hiyo Timeout inaweza kuwa mtandao au ruhusa na kwa macho huwezi kutofautisha. Ping ni ICMP, ssh ni TCP, hii ni UDP, kwa hiyo hizo kupita si ushahidi. Washa `tcpdump -ni any udp port 161` kwenye seva kisha piga kutoka monita. Paketi zisipofika kabisa, zinazuiwa njiani. Zikifika na hakuna jibu, angalia ruhusa na pia fayawoli ya seva hiyo hiyo, maana tcpdump inaona paketi kabla fayawoli haijaitupa.

fundi_waya
Zinafika, jibu hakuna. ufw (fayawoli ya seva) iko active na imeruhusu 22 tu.

mama_seva
Basi ndiyo hiyo: `ufw allow from 192.168.10.5 to any port 161 proto udp`

fundi_waya
Imekubali! Kadi zote zinaonekana, asanteni sana wakuu.

porti161
Safi. Ila v2c inapitisha neno la siri waziwazi, mwenye kunusa mtandao analisoma, ukipata nafasi hamia v3 yenye authPriv (inathibitisha mtumiaji na kuficha data).