Chumba Mbagala, masista, au kwa watu wanaomtaka mtoto: mjamzito akae wapi?

Mwanakurasini: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike ni mjamzito na anafikiria akijifungua mtoto aasiliwe na watu wenye uwezo. Nyumbani hapakaliki tena. Nalinganisha matatu: nimpangie chumba Mbagala, nimpeleke kituo cha masista, au akae kwa mke na mume fulani wa Goba wanaomtaka mtoto, ambao watagharamia kila kitu. Wanataka jibu Ijumaa. Lipi lina nafuu?

Fundi Cherehani: Mkuu, umeleta stori nusu. Mimba ina miezi mingapi? Binti ana umri gani? Aliyempa mimba yuko wapi? Na mwenyewe kasemaje, au mmemkalia kikao tu?

Mama Wawili: Chumba. Afunge mlango wake, alale. Ila jiandae, dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba atakwambia miezi sita.

Kandambili: Chumba, halafu uchungu ukimshika saa nane usiku amwite nani, dalali? Mpeleke kwa shangazi yake.

Mama Wawili: Shangazi zetu hawahawa? Begi halijatua chini, mtaa mzima unajua.

Bi Ubuyu: Goba usithubutu. Binti wa dada yangu alikaribishwa na watu wa namna hiyohiyo, wacha Mungu, chumba kina feni, anakula anachotaka. Siku ya kuanza kliniki yule mama akamwambia ajiandikishe kwa jina lake yeye mama, eti "tusisumbuke baadaye na cheti". Utamkataliaje anayekulisha? Kadi ikasoma jina la mtu mwingine, miaka 38, mwenye tumbo ana 19. Mwezi wa nane presha ikampanda. Hospitali nesi anaita jina la kwenye kadi, binti kakaa kimya kwenye benchi, kasahau kwamba ndiye anayeitwa. Nesi akaitazama kadi, akamtazama yeye. Akaitwa ofisa wa ustawi. Kuanzia hapo simu za wale watu hazikupokelewa, na nguo zake tulizikuta kwa mlinzi getini, kwenye mfuko wa rambo. Mtoto yupo, anamwita dada yangu mama.

Wakili wa Mtaani: Hiyo kadi ni kesi kabisa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 amri ya kuasili inatoka Mahakama Kuu, haitoki sebuleni kwa mtu. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21, labda awe ndugu wa mtoto. Mzazi anatoa ridhaa, na mahakama lazima ijiridhishe kwamba anaelewa haki zake za uzazi zinakoma moja kwa moja. Kupeana hela kwa ajili ya mtoto hakuruhusiwi, kwa hiyo hayo "watagharamia kila kitu" yaangalie mara mbili. Aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa. Hata malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia nyingine bila kuasiliwa, yanapitia kwao.

Mwanakurasini: Ana miaka 20, mimba miezi sita. Jamaa aliyempa mimba kazima simu. Mwenyewe leo anataka mtoto aasiliwe, kesho hataki.

Fundi Cherehani: Sasa Ijumaa ya nini hapo?

Kandambili: Na hao masista ni kituo gani? Kurasini ni makao ya watoto ya taifa. Msimbazi masista wanalea watoto. Hivyo ni vya watoto, mjamzito atalala wapi?

Mwanakurasini: Kuna mama wa kanisani kaniambia, kituo hakukitaja jina.

Kandambili: Muulize kwanza, ndipo ulinganishe. Hapo una mawili tu. Kujifungua usihofu, hospitali za serikali ni bure.

Bi Ubuyu: Bure! Glavu, pamba na uzi ulinunuliwa na serikali?

Kandambili: Mke wangu hakulipa hata mia pale Temeke.

Bi Ubuyu: Muulize yeye alibeba nini kwenye beseni, maana wanaume mnasubiri nje.

Wakili wa Mtaani: Tusitoke kwenye mada. Kama hajaamua, asiende kukaa kwa wanaosubiri mtoto. Atakosa uso wa kusema hapana.

Mpangaji Mpya: Samahani, Mama Wawili, kama una chumba unachokijua Mbagala, ni kipande gani?

Mama Wawili: Rangi Tatu, ndani ndani. Luku mnachangia wapangaji wanne, na mmoja anachomelea.