Kopo la kunasia oili kwenye Forester ya taabo: lifungwe kwenye mpira upi?

Mwenye SG5, Nakuru
Habari zenu ndugu. Nina Subaru Forester SG5 ya mwaka 2006 yenye injini ya EJ205 ya taabo (pampu inayoisukumia injini hewa), nayo imeshatembea kilomita 168,000. Nilipofungua mpira unaoingia kwenye intakula (kipoozea hewa inayotoka kwenye taabo) nilikuta oili imetanda ndani, na kila nipandapo kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru kiwango cha oili hushuka. Fundi wangu anashauri tufunge kopo la kunasia oili kati ya valvu ya PCV (inayotoa gesi zilizo chini ya pistoni) na manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Je, hapo ndipo mahali pake? Na kuna ubaya gani nikiuacha mvuke wa oili wa injini utoke nje tu?

Fundi wa Ruiru
Ndugu, kabla hujanunua kopo, zitenganishe njia mbili ambazo fundi wako anaziona kama moja. Unapoendesha taratibu, manifoldi hufyonza, na gesi zilizopenya kando ya ringi za pistoni huvutwa kupitia valvu ya PCV. Ukikanyaga na taabo ikaanza kusukuma, manifoldi hujaa shinikizo na valvu hiyo hujifunga, hivyo gesi zote hulazimika kutokea kwenye mipira ya vifuniko vya valvu, kushoto na kulia, na kuishia kwenye bomba linalopeleka hewa kwa taabo. Mlima ule unaupanda taabo ikisukuma. Kopo la fundi wako litabaki kavu ukiwa mlimani, huku intakula ikiendelea kulowa.

Sasa chomoa valvu ya PCV, uisafishe, kisha uipulize kutoka upande wa manifoldi. Ikipitisha hewa, basi taabo yako inaujaza upepo chini ya pistoni na oili inafukuzwa kupitia mipira ile mingine. Valvu mpya ni rahisi kuliko kopo lolote. Pima pia kompresheni (mbano wa hewa) ya silinda zote nne, kwa sababu ringi zikiwa zimechoka kopo litakuwa ndoo chini ya paa linalovuja.

Mzee wa Gereji, Mombasa
Naunga mkono, ila nisingesema kopo halina kazi kwenye injini isiyo na kasoro. Ni kweli kwamba EJ205 hunyunyizia petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo valvu huoshwa na hazigandi masizi kama zile za injini zinazonyunyizia ndani ya silinda. Lakini ukungu wa oili ukiingia kwenye mwako huifanya petroli iwe nyepesi kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda, na hilo kwa injini ya taabo si jambo dogo.

Ukifunga, chagua kopo lenye vizuizi ndani, kwa kuwa kopo tupu huacha ukungu upite kama ulivyoingia. Msikubali kujaziwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nimeona zikikatika, na kipande kikivutwa kinaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya taabo. Mipira iwe ya kustahimili oili, maana ile ya hita huvimba na kulainika, na isiwe myembamba kuliko ya awali, kwani ukiibana njia shinikizo litatafuta sili za kupasua. Liweke mbali na taabo, kwa sababu mvuke haugeuki kuwa oili mahali penye moto.

Kuhusu kuutoa mvuke nje: gari lako hupima hewa kwa sensa iliyo mbele ya taabo. Ukiiacha mipira wazi, PCV itavuta hewa ambayo sensa haikuipima, mchanganyiko upungukiwe petroli, na harufu iingie ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Rudisha mpira ulikotoka. Mwaga kopo kila kilomita 1,000 mwanzoni ili ujue kasi yake, wala usirudishe uchafu huo kwenye injini, kwani una maji na petroli.

Mwenye SG5, Nakuru
Nashukuru sana. Valvu ya PCV ilikuwa inapitisha hewa pande zote mbili. Nimeweka mpya na kuosha intakula, na baada ya kupanda mara mbili mpira una utando mwembamba tu. Kompresheni tutapima Jumamosi. Ikiwa sawa, nitafunga kopo kwenye mipira ya vifuniko vya valvu, si kwenye PCV.

Fundi wa Ruiru
Pima injini ikiwa moto, koo la hewa likiwa wazi kabisa, vinginevyo namba zitakudanganya.