Nimeandika 3.5 nikapewa sifuri. Hii Python tunayofundishwa hapa Mtwara ni ya mwaka gani?

Wakuu, nimetoka kuchukua karatasi ya jaribio la kwanza la programu (tunafundishwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta) na hapa ninapoandika mikono inatetemeka. Lugha ikikaa vibaya mnisamehe, ila uzi msiufute.

Niko mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Mtwara, sikitaji. Swali la tatu lilikuwa na mstari mmoja tu:

print 7/2

Itachapa nini? Nikajibu haitachapa kitu, italeta kosa, maana print haina mabano. Nikaongeza kiungwana kabisa kwamba ikiwekewa mabano itachapa 3.5. Nimepigwa kalamu nyekundu kona hadi kona, pembeni imeandikwa "3". Sifuri kati ya alama nne.

Kwa wasio wa fani: Python toleo la 2 ndiyo iliyokubali print bila mabano, na ukigawa namba nzima kwa namba nzima ilikuwa inakata desimali, hivyo 7/2 inakupa 3. Toleo la 3 likatoka Desemba 2008 likabadilisha yote mawili. Toleo la 2 wenye lugha yao wakaacha kulihudumia tarehe 1 Januari 2020. Mwaka huo mimi niko sekondari, kompyuta naichungulia kwa mhasibu dirishani. Leo nafelishwa kwa ajili ya marehemu!

Chanzo ni notsi. Tunanunua steshenari, kopi ya kopi ya kopi, na zile kopi zimeshakula vistari vya chini vyote. Kwenye notsi halisi nadhani iliandikwa jumla_alama, jina moja lisilotakiwa kuwa na nafasi. Sisi tunaona "jumla alama", nafasi katikati, na darasa zima limekariri hivyo. Mwenzangu mmoja kahangaika nayo maabara karibu saa nzima, kompyuta inamkatalia, yeye anajiona mjinga. Nikamwekea kile kistari, ikakubali. Alinitazama kama mganga.

Maabara yenyewe sasa. Kompyuta zinazowaka ni tisa. Tunakaa sita sita, anayeshika kibodi ni aliyewahi, waliobaki tunasoma migongo ya watu. Siku ya somo la vitanzi (kuiambia kompyuta irudie kazi ile ile) umeme ukakatika, kazi zote zikaenda. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati, mkoa wetu huu huu, bomba linaipeleka mpaka Dar, halafu sisi wenye nayo tunakaa gizani tunasubiri kumalizia kitanzi cha mistari minne. (Najua watu wa gesi mtanirukia. Hiyo tufungulie uzi mwingine.)

Nilimfuata mwalimu ofisini. Shikamoo, marahaba. Nikatoa simu, nina programu ya Python humo, nikaandika mbele yake, nikabonyeza. Kosa likatokea, na lenyewe linasema wazi mabano hayapo. Nikaweka mabano: 3.5. Akaangalia, akarudisha macho kwenye makaratasi yake. "Kijana, mtihani unasahihishwa kwa notsi, sio kwa simu yako."

Sina shida na mtu kukosea. Mimi mwenyewe nakosea kila siku, na raha ya hii fani ni kwamba mashine inakwambia hapo hapo umekosea wapi, haina cheo wala kinyongo. Sasa mashine imesema, mtu kaikatalia!

Na msije na "jisomeeni wenyewe, YouTube ipo". Nimejisomea. Bando nimenunua kwa hela ya kula, ndivyo nilivyojua kuhusu mabano, na kujua huko ndiko kumeninyima alama. Waliokariri kopi bila kugusa kibodi wamepata nne kwa nne. Mzee wangu kule Tandahimba ada ameitoa kwenye korosho, malipo yenyewe yalichelewa mpaka nikakaribia kukosa usajili. Kila akipiga simu anauliza kama nimeshajua kutengeneza simu yake. Nimwambie nini, kwamba huku saba gawanya kwa mbili ni tatu?

Aliyewahi kukata rufaa ya alama za jaribio anisaidie: barua naiandika kwa mkuu wa idara moja kwa moja, au lazima ipitie kwa mwalimu huyo huyo? Mwisho ni Ijumaa. Na swali hili likirudi kwenye mtihani wa mwisho, niandike ngapi?