Nguo za baiskeli zinashonwa kana kwamba hakuna anayezeeka, halafu tunachekwa sisi!

Wakuu, heshima kwenu. Nimepita miaka sitini, naendesha baiskeli, navaa bukta ya kubana na jezi, na leo nimekuja kulalamika. Wenye povu karibuni, ila someni hadi mwisho kwanza.

Nianze na midomo ya watu. Mzee akitokea na nguo za baiskeli lazima apatikane wa kumkagua kuanzia kifuani hadi mapajani, kisha atoe hukumu: "Mzee wangu, hayo mavazi si ya umri wako." Huyohuyo akimwona kijana wa miaka ishirini na tano kavaa bukta ileile, rangi ileile, atasema dogo kapendeza, mwanamichezo huyo. Kitambaa hakijabadilika, mshono haujabadilika. Kilichoongezeka ni tumbo na mvi. Basi semeni wazi kwamba kinachowakera ni uzee, msisingizie bukta.

Na wengi wa hao mahakimu hawajawahi kukaa kwenye kiti cha baiskeli zaidi ya nusu saa. Wangekaa wangejua kwa nini nguo ile inabana. Suruali ya kawaida ina mshono mnene unaokutana katikati ya mapaja, palepale kiti kinapogusa. Ukikanyaga pedali kwa mwendo wa kawaida tu, mizunguko 80 kwa dakika, saa mbili ni mizunguko 9,600, na kila mzunguko unasugua. Ndiyo maana bukta ya baiskeli ina sponji isiyo na mshono katikati, na ndiyo maana (kwa faida ya wageni) haivaliwi na chupi ndani.

Ngozi ya kijana inavumilia msuguano huo. Ya mzee imekuwa nyembamba, inachubuka upesi na inachelewa kupona. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, kugongwa kidogo tu panavilia damu. Kina mama waliopita ukomo wa hedhi ndio wana hali ngumu zaidi, maana homoni ya estrojeni ikipungua, ngozi ya sehemu za siri nayo hukonda na kukauka. Kumwambia mama wa aina hiyo avae "suruali ya heshima" aendeshe nayo saa mbili ni kumwambia aumie kwa adabu. Sasa niambieni, kati ya yule dogo na sisi, nani anaihitaji zaidi hiyo bukta?

Halafu kuna wanaodhani Lycra, ule uzi wa kuvutika uliomo kwenye bukta hizi, ilibuniwa ili vijana waoneshe misuli. Uzi ule ulipatikana mwaka 1958 katika maabara ya kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, kwa kazi ya mkemia Joseph Shivers, na alichokuwa akitafuta ni kitu cha kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kubana tumbo na nyonga. Yaani ulianza kwa ajili ya miili ya watu wazima! Waendesha baiskeli wakati huo walikuwa bado wanavaa bukta za sufu zenye kipande cha ngozi ya mnyama ndani. Ngozi ile ikifuliwa ilikauka ikawa ngumu, ikabidi ipakwe mafuta ndipo ivalike tena. Kwa hiyo anayeniambia Lycra si ya wazee arudi darasani.

Lakini midomo naizoea. Walionifanya nifungue mada hii ni watengenezaji.

Chukua jezi ya baiskeli uitandaze kitandani. Mbele fupi, nyuma ndefu, mikono imeelekezwa mbele. Imekatwa kwa mtu aliyeinama, mgongo ukiwa karibu kulala sambamba na barabara. Kwa mtu huyo kitambaa kirefu mbele kingejikunja tu tumboni, kwa hiyo wamekipunguza, na kwa mashindano wako sahihi kabisa. Sasa mzee ambaye uti wa mgongo umeshachoka amefanya nini? Ameinua usukani, anakaa wima, anaona barabara vizuri, shingo haimuumi. Akikaa wima, ile jezi inapanda mbele, kwapani inavuta, kitovu kinaona jua. Watu wanacheka tumbo lake! Mvisheni kijana mwembamba jezi hiyohiyo, mwambieni akae wima, muone kama na yeye haitampanda.

Kwenye sponji ndipo ninapotaka kulia. Anayeinama, uzito wake unasogea mbele, kwa hiyo sponji ya mashindano imejazwa kuelekea mbele. Anayekaa wima, uzito unarudi nyuma kwenye ile mifupa miwili ya makalio, na anachohitaji ni sponji pana upande wa nyuma. Sisi tunauziwa ile ya mbele. Tukilalamika tunaambiwa tununue nene zaidi. Jamani, unene si dawa! Sponji nene iliyo laini inadidimia, mifupa inazama, na kinachobaki kinatutumka katikati na kukandamiza mishipa ya damu na neva. Matokeo yake ni ganzi. Cha kuangalia ni ugumu wa sponji na mahali ilipokaa, si unene wake. Ukimweleza muuzaji kwamba unapata ganzi, anakutazama kwa huruma na kukuambia, "Ni umri, mzee." Bidhaa mbovu wameshona wao, lawama abebe tezi dume yangu!

Vipimo ndiyo usiseme. Kuna duka moja la mtandaoni niliagiza bukta yenye mikanda ya mabegani. Nilijipima kwa utepe, nikafuata jedwali lao neno kwa neno, nikachagua saizi waliyoielekeza wao, ya XXL. Ilipofika, mikanda ilinivuta mabega hadi nikawa nimeinama bila baiskeli. Kuwaandikia, nikajibiwa kwamba toleo hilo "limekusudiwa wanamichezo". Mimi ni nani sasa? Jedwali lao linauliza kifua na kiuno tu, kana kwamba kati ya kifua na kiuno hakuna kitu kinachoweza kuwa kimejitokeza mbele. Na kwenye maduka mengi ile saizi kubwa kuliko zote ni saizi ndogo iliyovutwa: wanaongeza urefu wa miguu, mzunguko wa paja uleule.

Nikiri kwamba bukta ya mikanda yenyewe ni nguo nzuri kwa mwenye tumbo kuliko ile ya lastiki kiunoni. Haikati tumbo, haishuki nyuma ukiinama. Tatizo ni kukojoa. Wanaume wa rika langu wanaelewa. Tezi dume ikishatanuka, unasimama njiani mara kwa mara iwe unapenda au hupendi. Uvue koti, uvue jezi, ushushe mikanda, kando ya barabara, na haja yenyewe haina subira. Za kike baadhi yao wameshazitengeneza vizuri, zina kifungo au sehemu ya kushusha nyuma bila kuvua jezi. Za kiume ingetosha kukata kitambaa cha mbele kiwe chini sentimita chache. Sentimita chache! Wameshindwa nini?

Zipu zenye kishikio kidogo kiasi kwamba vidole vyenye baridi yabisi vikiwa ndani ya glovu havikioni. Mifuko yote mitatu mgongoni, na bega likikakamaa hufiki. Mfuko wa pembeni ya paja ungetusaidia sana, nao upo kwenye baadhi ya bukta, ila utauona zaidi kwenye zile za wapenda safari za porini, mara chache kwenye za barabarani. Na maelezo ya kufua yameandikwa kwa herufi ambazo hata kwa miwani ni mtihani.

Sasa rangi. Mtindo siku hizi ni nyeusi juu hadi chini, eti ndiyo inavyompendezesha mtu mzima na kuficha tumbo. Nyeusi jioni barabarani! Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Kumbukeni kwamba na madereva wengine ni wa rika letu, kwa hiyo mzee asiyeonekana anakutana barabarani na dereva mzee asiyeona. Wakitaka kutujali wanatuletea kizibao cha njano inayong'aa na kuona wamemaliza kazi. Ile njano inang'aa mchana kwa sababu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Usiku chini ya taa za gari uwezo ule haupo. Usiku kinachosaidia ni kiakisi mwanga, na mahali pake bora ni kwenye vifundo vya miguu na magoti, kwa kuwa vinapanda na kushuka na dereva anatambua mara moja kwamba yule ni mtu anakanyaga pedali. Wao kiakisi wanakiweka mgongoni, ukubwa wa kidole gumba, chenye umbo la nembo yao.

Tena msiniambie michezo hii haijali mambo madogo ya mavazi. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, tangu mwaka 2019 lina kanuni ya urefu wa soksi za mashindano: zisivuke nusu ya umbali kati ya kifundo cha mguu na kichwa cha mfupa ulio chini kidogo ya goti. Soksi zimepimwa, bukta ya babu hakuna anayeitazama.

Fungueni pia matangazo yao. Wanamitindo wote ni vijana, wote wembamba, wote wamekunja uso kama wanadaiwa. Wakati anayenunua baiskeli na jezi za bei mbaya mara nyingi ni mtu aliyemaliza kusomesha watoto. Pesa yetu inafaa, sura yetu haifai. Robert Marchand wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1911, Januari 2017 aliingia kwenye uwanja wa ndani wa baiskeli karibu na Paris akiwa na miaka 105, akazunguka saa nzima na kufikisha kilomita 22.547. Alivaa jezi na kofia ngumu kama wenzake wote wa mchezo huo, na uwanja mzima ulimpigia makofi. Hakuna aliyemwambia akavae kanzu.

Wazee wenzangu, na ninyi nina neno nanyi. Bukta ina umri wake. Zile nyuzi za kuvutika zinakufa kwa jua, kwa maji ya moto, kwa dawa za kulainisha nguo na kwa pasi, na zikifa kitambaa cha nyuma kinakuwa chandarua. Mwenye bukta hajioni. Tunaomfuata ndio tunaoona. Inyoosheni dhidi ya mwanga wa dirisha, mkiona upande wa pili itupeni, hata kama bado mnaipenda. Bukta nyeupe msiijaribu kabisa, ikilowa jasho hakuna siri tena. Mkitaka kuvaa kaptula pana juu yake mnaposhuka kuingia kwenye benki au dukani, vaeni, ni hiari yenu. Mimi nina yangu nyepesi inayokunjika mfukoni. Ila isigeuzwe adhabu ya kuwa mzee.

Na jambo moja ambalo watu wa rika letu huona haya kulisema: napenda pia kupendeza. Ndiyo. Nataka jezi iliyonikaa vizuri, rangi zinazopatana, soksi zinazofanana na jezi. Kwani kupendeza kuna umri wa kustaafu?

NYONGEZA: Kwa mdau aliyeandika hapo chini "vaeni truksuti mtulie". Pindo la truksuti linaingia kwenye mnyororo, ukishaanguka katika umri huu nyonga ikivunjika si mchezo. Na ile ya pamba inanyonya jasho na kulishikilia mwilini; ukianza kuteremka mlima upepo unakukuta umelowa, na mwili wa mzee haujipashi joto upesi kama wako. Shukrani kwa ushauri.

NYONGEZA 2: Kuna kijana kaniuliza kwa heshima, "Shikamoo mzee, sasa tuwanunulie nini wazazi wetu?" Marahaba mwanangu. Mpime akiwa amekaa kwenye baiskeli yake mwenyewe, usimpime akiwa amesimama. Mbele ya jezi ifike chini ya tumbo akiwa amekaa wima, zipu iwe ndefu hadi chini, sponji iwe pana nyuma. Na usimnunulie nyeusi.

Anayejua bukta ya mikanda ya kiume iliyokatwa chini mbele, yenye sponji ya mtu anayekaa wima na saizi za kweli, aitaje hapa. Aweke na picha, ila picha iwe ya mtu mwenye tumbo.