Niliuziwa Husky wa macho ya bluu, sasa yamekuwa kahawia. Nimepigwa?

Msafiri_UsaRiver

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilinunua mtoto wa mbwa hapa Arusha kwa shilingi 350,000. Tulikutana na muuzaji kando ya barabara, mbwa yuko ndani ya boksi la mafuta ya kula. Akaniambia ni Husky halisi, wale mbwa wa baridi wa Siberia kule Urusi, wiki tano, baba yake katoka nje. Mimi mbwa wa kizungu siwajui, nilichoona ni yale macho tu. Bluu! Jamaa akaniambia, "Kaka, macho hayo ndiyo cheti chenyewe." Nikalipa.

Sasa ana wiki kumi. Macho yalianza kuwa ya kijivu, na wiki hii yamefika rangi ya chai ya rangi. Masikio yamelala yote mawili. Jirani yangu kila akipita getini anauliza "Mrusi hajambo?" Mama mkwe peke yake ndiye amefurahi, anasema yale ya mwanzo yalikuwa yanamtisha usiku.

Naomba mnijuze: inawezekana Husky akabadilika macho? Na ni mbwa gani hasa wanaobaki na macho ya bluu maisha yao yote?

Chogo_Mbauda

Umepigwa na kitu kizito mkuu. Ila mtunze, koko hawaugui ovyo.

BwanaMifugo_Mstaafu

Mwanangu Msafiri, pole. Huyo Chogo ana mdomo, lakini hayuko mbali na ukweli. Nimekuwa bwana mifugo miaka 31, mingi nimeimaliza kwenye majosho ya ng'ombe, ila mbwa nao nimewashika wa kutosha.

Kila mtoto wa mbwa huzaliwa kafumba macho. Yakifunguka, kwenye wiki ya pili hivi, yana ubluu fulani wenye ukungu, awe wa bungalo au wa jalalani. Rangi ya kahawia inatokana na melanini, na melanini inajijenga pole pole. Wiki ya nne au ya tano macho yanaanza kugeuka, na wapo wasiotulia mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Muuzaji wako alilijua hilo. Wiki tano ni mapema mno kumtenga mtoto na mama yake, wafugaji wastaarabu husubiri nane. Yeye angesubiri nane, macho yangemuumbua.

Ujue pia kwamba ndani ya jicho hakuna rangi ya bluu, si kwa mbwa wala kwa Mzungu. Lile duara linalozunguka mboni likikosa melanini, mwanga unatawanyika humo na sisi tunaona bluu, kama tunavyoiona mbingu. Kwa hiyo nikiletewa mbwa wa macho ya bluu, jambo la kwanza najiuliza melanini imepotelea wapi, maana njia za kupotea ni zaidi ya moja.

Kwa Husky imepotea jichoni basi. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kupima mbwa zaidi ya 6,000, wakakuta kwenye kromosomu ya 18, jirani na jeni iitwayo ALX4, kuna kipande cha urithi kimejirudia. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja yaweza kutosha. Ndiyo maana chotara wa Husky na koko anaweza kukutolea jicho la barafu huku mwili wote ni wa mtaani kwetu Unga Limited. Na Husky halisi wenye macho ya kahawia wamejaa tele, hata wa jicho moja hivi na jingine vile. Kwa hiyo macho ya mbwa wako kugeuka hayamtoi kwenye u-Husky. Kinachonipa shaka ni masikio, kwa umri huo wengi yameshasimama. Mpapase mgongoni. Chini ya nywele za juu kuna sufi nyingine fupi, laini, imeshonana mpaka ngozi huioni? Kama vidole vinagusa ngozi moja kwa moja, mpe Chogo haki yake.

Njia ya pili ndiyo iliyonitoa kitandani kuandika haya yote. Kuna mabaka fulani, kama majivu yaliyomwagikiwa wino, wenyewe wanayaita merle. Utayakuta kwa Australian Shepherd, Border Collie, Shetland Sheepdog, Catahoula wa kule Louisiana, na Corgi wale wa Cardigan. Jeni yake inafifisha rangi vipande vipande, na kipande kikiangukia jicho, jicho linakuwa bluu, au nusu bluu nusu kahawia. Nakala moja haina tabu kubwa. Mbili ni balaa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja, mwenyewe ana Australian Shepherd dume na jike, wote merle, na kawapandisha hao hao kwa kuwa wamependeza. Wakazaliwa sita, wawili weupe karibu mwili mzima. Mmoja jicho la kushoto lilikuwa kama punje ya pilipili manga, halioni kitu. Mwingine macho yake yote mawili bluu, mazuri kuliko ya ndugu zake wote, na huyo ndiye aliyekuwa ametengwa wa kuuzwa bei ya juu. Nikachukua sufuria na mwiko, nikagonga nyuma yake. Wenzake wakatawanyika, yeye akaendelea kulamba bakuli. Nikagonga tena. Mwenye nyumba akasema, "Huyo ana njaa, daktari." Nikaweka sufuria chini, nikakanyaga ile sakafu ya mbao kwa kisigino. Akageuka papo hapo. Alikuwa anasikia kwa miguu.

Sababu ni kwamba seli zile zile zinazotengeneza rangi zina kazi ndani ya sikio. Zisipokuwepo, chembe za kusikia zinakufa wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Dalmatian, yule mweupe wa madoadoa, naye anaangukia humo kwa ajili ya weupe wake. Marekani walipowapima, karibu 30 katika kila 100 walikuwa viziwi, sikio moja au yote mawili, na hatari inazidi kwa wenye macho ya bluu. Waingereza huhesabu macho ya bluu kuwa kasoro kwa Dalmatian, Wamarekani wanayapokea. Mimi kwenye hili niko na Waingereza, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Kwa hiyo ukitaka tena macho ya bluu, nunua mbwa wa wiki nane kwenda juu, na omba kuwaona wazazi wote wawili. Na nenda na sufuria.

Bi_Kwale

Asalaam aleikum. Mie naongeza bluu nyengine, ambayo haiuzwi.

Nina mbwa wa kulinda shamba upande wa Shimba Hills, chotara wa German Shepherd, macho kahawia tangu utotoni. Asubuhi moja nampelekea ugali wake, naona jicho la kulia limekuwa buluu-buluu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Vijana wa shamba wakafurahi, eti kapendeza, sasa ni mzungu. Lakini ugali hakuugusa, na alikuwa amekonda mbavu zahesabika. Daktari wa mifugo akamtoa damu, akaitia kwenye darubini, akaniita nami nichungulie: vijidudu vyajinyonganyonga kama uzi ulio hai. Kaumwa na mbung'o. Akadungwa sindano, na baada ya wiki kadhaa jicho likaanza kurudi.

Tofauti yake niliambiwa hivi: mtazame kwa ubavuni. Bluu ya kuzaliwa iko ndani, na mboni yaonekana nyeusi safi katikati. Ile ya ugonjwa ni utando wa mbele, hata mboni huioni vyema.

BwanaMifugo_Mstaafu

Bi Kwale, ahsante, hilo nililisahau na ni kubwa kuliko yote. Homa ya ini ya mbwa nayo huleta jicho kama hilo, na presha ya jicho pia. Mbwa mkubwa akigeuka bluu ghafla, apelekwe siku hiyo hiyo, msisubiri mnada upite.

Mtoro_wa_Duluth

Niko Minnesota, nina Husky wa miaka sita, jicho moja bluu na jingine kahawia. Januari baridi inafika nyuzi 25 chini ya sifuri, namwita aingie ndani, ananitazama kama vile mimi ndiye mwenye tatizo. Msafiri, kama wako anajisikia vizuri kwenye jua la saa saba mchana, tayari una jibu. Na manyoya! Mara mbili kwa mwaka nachana mfuko mzima, ungeshaona kwenye ugali.

Jambo dogo tu: mtu akikuletea "Alaskan Malamute", mbwa mwingine wa baridi anayefanana na Husky, wa macho ya bluu, ondoka. Wale viwango vyao ni kahawia tu, bluu inamtoa mbwa mashindanoni.

Msafiri_UsaRiver

Wazee, ahsanteni. Nimempapasa mgongoni, vidole vimefika kwenye ngozi bila kupiga hodi. Chogo, haya, chukua haki yako. Na sasa hivi ninavyoandika amelala kibarazani juani, tumbo juu.

Sufuria nimegonga pia. Alikimbilia chini ya kochi na ndala ya mama mkwe mdomoni, hajatoka mpaka saa mbili. Kwa hiyo masikio yamelala lakini yanafanya kazi.

Nilimpigia muuzaji, namba haipatikani. Wiki ijayo nampeleka chanjo. Tatizo lililobaki ni kwamba tulimpa jina Bluu, na watoto wamegoma kulibadilisha.