Naomba ushauri: njia ya vilima vya mchanga Shela inazibwa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi ni vijana wa kujitolea hapa Lamu. Tunazoa plastiki na kufyeka njia iendayo vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya visima vya mji. Sasa pamesimikwa nguzo za saruji na seng'enge katikati ya njia. Nguzo moja iko chini ufuoni, maji ya bamvua yanaifunika nusu, na kifungu cha 62 cha Katiba chasema eneo hilo ni ardhi ya umma! Tumepiga picha, tumemwona mzee wa mtaa, tumeandika barua, kimya. Inatuuma sana. Je, tuanzie Tume ya Kitaifa ya Ardhi au NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira? Na kikundi kisichosajiliwa chaweza kuwasilisha malalamiko?