DCP, MP4 au ProRes: mngechezesha ipi Lamu, na ipi Malindi?

Mwana wa Langoni
Masalkheri ndugu zangu. Tunatayarisha maonyesho ya filamu za vijana wa pwani. Usiku wa kwanza ni Lamu, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, kwa projekta ya kawaida ya video na laptopu. Wa pili ni Malindi, ukumbi wenye projekta ya sinema na seva yake. Filamu kubwa, ya dakika 90, imekuja kwa namna mbili: DCP, yaani furushi la mafaili la kumbi za sinema, na MP4, faili la kawaida la video. DCP nikiichezesha kwa laptopu picha inakwamakwama na nyuso zimeingia ukijani. MP4 inakwenda, lakini kamera ikizunguka taratibu picha inashtukashtuka. Filamu ya pili ni DCP peke yake. Kwenye laptopu haifunguki kabisa, na seva ya Malindi imeipokea yote kisha ikaiwekea alama ya kufuli. Kuna aliyenishauri nidai ProRes, faili zito la video la wahariri, kwa zote mbili nipumzike. Nyinyi mngefanyaje?

Fundi wa Maweni
Kaka, hiyo DCP ya kwanza usiitupe, haionyeshi dalili za ubovu. Ndani ya DCP kila fremu ni picha kamili iliyobanwa kwa JPEG 2000, na kwa kawaida zinapita 24 kwa sekunde. Kikomo chake ni megabiti 250 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 90 iliyofika kikomo hicho ina karibu gigabaiti 169. Seva ya sinema ina saketi maalumu ya kuzifungua fremu hizo. Laptopu inabebesha prosesa yake kazi yote, ndipo unapoona picha inaganda.

Na ule ukijani: rangi za DCP zimeandikwa kwa mfumo wa XYZ, si RGB (nyekundu, kijani na buluu) ya skrini zetu. Programu isiyobadilisha rangi hizo itakuonyesha watu kama wana homa ya manjano. Peleka DCP Malindi, ndiko kwao. Lamu tumia MP4.

Bint Shela
Nakubaliana na Fundi kuhusu Malindi, ila MP4 hiyo ya sasa mimi singeikubali kabla ya kujua imetengenezwa vipi. DCP yake ya kwanza iko wazi, haina ufunguo. Chukua DCP-o-matic, programu ya bure, uiingize humo, kisha utoe MP4 mpya. Rangi itageuzwa sawasawa, na utakuwa na faili lililotoka kwenye nakala ileile itakayoonyeshwa Malindi. Ukitaka kuikagua DCP kwanza, kichezeshi chake kinakuruhusu kufungua picha kwa nusu ya ukubwa ili laptopu ipumue. Kwa ukaguzi tu, si kwa kuonyesha watu.

Mzee wa Projekta
Wanangu, mmesahau kule kushtukashtuka. Mwana wa Langoni, hiyo MP4 ina fremu ngapi kwa sekunde, na laptopu inapeleka picha kwa hezi ngapi, yaani mara ngapi kwa sekunde?

Mwana wa Langoni
Shikamoo mzee. Nimeangalia kwa MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili: fremu 25. Laptopu iko hezi 60.

Mzee wa Projekta
Marahaba. Basi ugonjwa ni huo. 60 haigawanyiki kwa 25, kwa hiyo fremu nyingine zinaonyeshwa mara mbili na nyingine mara tatu. Mtu akitembea hutaona sana, lakini kamera ikizunguka jicho linakamata mara moja. Weka laptopu hezi 50, kila fremu itakaa mara mbili tu. Ukitoa MP4 ya fremu 24, tafuta hezi 24 kama projekta inazipokea, au 48. Usibadilishe kebo wala usinunue laptopu nyingine kabla ya kugusa hapo.

Kijana wa Kaskazi
Mimi ndiye wa ProRes, na naitetea. Kila fremu imesimama peke yake, haitegemei jirani yake, kwa hiyo kuruka mbele na kurudi nyuma ni rahisi. MP4 ikibanwa sana, matukio ya usiku na moshi yanavunjikavunjika vipande.

Fundi wa Maweni
Sawa kwa chumba cha uhariri. Lakini ProRes 422 HQ ya 1080p inakula kama megabiti 180 kwa sekunde, na flashi ya USB 2 ya dukani haitafuata mwendo huo. MP4 ya megabiti 20 ni gigabaiti 13 na nusu kwa dakika 90, na kwenye skrini ya nje, taa za Ngome zikiwa pembeni, tofauti hutaiona. Moshi uliovunjika dawa yake ni kuongeza megabiti. Seva za sinema nazo kwa kawaida zinataka DCP, kwa hiyo ProRes Malindi itakuacha mlangoni.

Kwa vyovyote usitumie flashi ya FAT32, haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Na ile diski ya DCP ukiichomeka kwenye Windows ikakwambia ni tupu, ikakuomba uifomati, KATAA. Diski nyingi za sinema ni za mfumo wa Linux, ext2 au ext3. Filamu imo ndani, Windows ndiyo haiioni.

Bint Shela
Tusiiache ile ya kufuli. Hiyo imefungwa kwa ufunguo uitwao KDM. Ufunguo hutengenezwa kwa cheti cha seva moja, na una saa ya kuanza na saa ya kwisha. Ufunguo wa ukumbi mwingine haukufai hata kama filamu ni ileile. Ukishaupata, tazama saa zimeandikwa kwa UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu) au kwa saa zetu. Ukianza 18:00 UTC, kwetu ni saa tatu usiku, na wewe umeita watu saa mbili. Saa ya seva usijaribu kuichezea: kanuni za DCI, za sinema za kidijitali, zinaruhusu kuirekebisha dakika 6 tu kwa mwaka mzima.

Mimi ningemwomba mtengenezaji DCP isiyofungwa. Nakala ya Lamu na ya Malindi zote zingetoka humo.

Mwana wa Langoni
Nimeweka 50, kushtuka kumekwisha. Mtengenezaji wa filamu ya pili amekubali kutoa DCP ya wazi. Lakini MP4 niliyotoa leo kutoka DCP ya kwanza, muziki unavuma na mazungumzo yanasikika kwa mbali mno.

Mzee wa Projekta
Sauti ya sinema ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, huweka mazungumzo kwenye spika ya katikati. Laptopu yako inatoa kushoto na kulia tu, ya katikati inapotea. Rudi DCP-o-matic, unapotoa MP4 chagua ichanganye sauti iwe stereo, ya kushoto na kulia. Halafu ichezeshe filamu nzima kwa spika zilezile za Mkunguni, laptopu ikiwa kwenye joto lilelile la nje. Prosesa ikishapata moto hupunguza kasi, na hilo hutaliona kwenye dakika tano za mwanzo.